Shajara ya riwaya ya Nipaguay: mswada uko kwa mchapishaji

Januari

Mkataba umerudi ukiwa na saini zote. Mchapishaji yuko Nairobi, mimi niko San Diego, na wakati huu wa baridi tunapishana saa 11, kwa hiyo barua pepe ninayoituma kabla ya kulala humkuta mhariri ndiyo kwanza anafungua ofisi. Tumezoeana hivyo. Yeye hunijibu nikiwa usingizini, nami humjibu akiwa usingizini.

Kwa anayeanza kusoma shajara hii leo: riwaya inahusu misheni ya San Diego de Alcalá, iliyokuja kuhamia mahali paitwapo Nipaguay, tangu Julai 1769 Padri Junípero Serra aliposimika msalaba kwenye kilima kilicho juu ya bandari, hadi miezi iliyofuata moto wa Novemba 1775. Wahispania walijenga misheni 21 katika California hii, ya kwanza ikiwa hiyo na ya mwisho ile ya Sonoma mwaka 1823. Mimi nimeng'ang'ania moja tu, tena miaka yake ya mwanzo, wakati hakuna aliyejua kama itasimama. Misheni iliyokwisha kusimama, yenye mashamba ya zabibu na maelfu ya ng'ombe, ina waandishi wake tayari.

Tarehe ya kutoka haijapangwa. Nimeambiwa wazi kwamba kuanzia sasa hadi shule zikamilishe kuagiza, mashine ni za vitabu vya kiada. Sina kinyongo, maana hivyo ndivyo vinavyolipa mishahara ya hao hao wanaonihariria.

Hoja ya kwanza ya mhariri: "Mwalimu, kwa nini usianze na moto? Msomaji ashikwe ukurasa wa kwanza." Nimemjibu kwamba naanza na mtoto. Padri Francisco Palóu, mwanafunzi na rafiki wa Serra aliyekuja kuandika maisha yake, anasimulia kwamba siku za mwanzo kabisa Wakumeyaay, wenyeji wa nchi hii, walimleta mtoto mchanga, ikaeleweka kwamba wamekubali abatizwe. Serra akavaa mavazi ya ibada. Askari akateuliwa awe msimamizi. Maji yakiwa tayari mkononi, wenyewe wakamnyakua mtoto wao wakatimua mbio, wakamwacha padri amesimama pale na maji yake. Palóu anasema Serra alilibeba jambo hilo miaka mingi, na kila alipolikumbuka alilia. Mwaka wa kwanza ukaisha bila ubatizo hata mmoja.

Sasa, waliomnyakua walikuwa wanafikiri nini? Palóu hakuwauliza. Hapo ndipo riwaya yangu ilipozaliwa, na hapo ndipo itakapoanza. Mhariri amekubali, kwa sharti nipunguze kurasa za safari ya meli. Ni haki yake. Mabaharia wa San Carlos na San Antonio walikufa kwa kiseyeye hadi ufuo wa hapa ukageuka hospitali na makaburi, lakini nilikuwa nimewaua polepole mno.

Februari

Ripoti ya mhakiki imefika. Sijui ni nani, ndivyo utaratibu ulivyo, ila ni mtu aliyesoma historia, tena kwa jicho kali. Swali lake kubwa: inakuwaje waumini wapya katika riwaya yangu wanalala vijijini kwao, wanakuja misheni na kuondoka, ilhali kila mtu anajua kwamba misheni za California ziliwafungia watu ndani, wasichana wakawekewa kufuli usiku?

Swali zuri sana, na jibu lake ndilo linaloendesha kisa chote. Kwingine, na miaka ya baadaye, ni kweli. Aliyebatizwa hakuruhusiwa kurudi kwao bila idhini, na aliyetoroka alifuatwa na askari na kuchapwa. Lakini San Diego haikuwa na chakula. Mazao ya mwanzo yalishindwa, mara mafuriko, mara ukame. Mapadri wasingeweza kuwalisha watu wote waliowabatiza, ikabidi wengi wao waendelee kuishi vijijini, wakila mbegu za mwaloni na samaki kama mababu zao, na kuja misheni kwa zamu. Mtu anayelala kwao anasikia mazungumzo ya kwao. Habari ziliweza kutembea kutoka kijiji hadi kijiji na misheni isijue lolote. Ukiwafungia watu ndani ya kuta katika riwaya hii, maasi ya 1775 yanakosa mlango wa kupitia.

Mhakiki pia aliniuliza kama simwonei haya Padri Luis Jayme, maana nimempenda waziwazi. Nimempenda, ndiyo. Alikuwa mtoto wa Mallorca kama Serra mwenyewe, akajifunza lugha ya wenyeji hadi akatunga mafundisho ya dini kwa lugha hiyo. Oktoba 1772 aliandika barua ndefu akiwashtaki askari kwa kuwabaka wanawake wa vijijini, akataja visa kimoja kimoja, akaeleza kwamba watu wanahama vijiji vyao kwa kuwakimbia na kwamba wameshakaribia mara kadhaa kuja kuwaua Wahispania wote. Hakusema wana ubaya wa asili. Alisema wana sababu. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya misheni ihame Agosti 1774, kutoka kando ya ngome ya askari hadi Nipaguay, kama kilomita 10 kuufuata mto kuelekea bara. Walitaka maji na udongo bora, na walitaka kuwa mbali na bunduki.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1775 umbali huo ndio uliomponza Jayme. Mamia ya wapiganaji waliizunguka misheni, wakachoma majengo ya miti na mafunjo, na Jayme akatoka kuwalaki kwa salamu yake ya kila siku ya kumpenda Mungu. Waliuawa watatu upande wa misheni: yeye, mhunzi, na seremala aliyefariki baadaye kwa majeraha. Padri Vicente Fuster na wenzake wachache walijibanza katika kibanda cha matofali mabichi, Fuster akiufunika mfuko wa baruti kwa joho lake cheche zisiufikie. Ngomeni walilala fofofo.

Nimemjibu mhakiki kwamba sitapunguza mapenzi yangu kwa Jayme. Nimeongeza tu sura fupi ambamo msimulizi wangu, msichana wa kubuni anayeteka maji ya misheni, anamsikia padri akisali kwa Kikumeyaay na hapendezwi hata kidogo. Mgeni akiijua lugha yako, huna tena mahali pa kumsema.

Machi

Jalada la kwanza limekuja, na limenikosesha usingizi.

Ni zuri, nisimdhulumu msanii. Ukuta mweupe unaometa, kengele zimening'inia katika matao yake, mnazi kando, machweo nyuma. Shida ni kwamba ukuta ule wa kengele hauhusiani na 1775. Kanisa linaloonekana leo Mission Valley ni la mwaka 1813, tena lilikuwa gofu hadi lilipokarabatiwa na kufunguliwa upya 1931. Usiku wa moto, misheni ilikuwa kundi la vibanda vya miti na mafunjo ndani ya ua, vingi vikishika moto kwa urahisi. Ni baada ya moto huo ndipo mapadri walipojenga kwa matofali na hatimaye wakaezeka kwa vigae. Yaani sura ile ya misheni ambayo watalii huipiga picha ilizaliwa na maasi yenyewe. Kuiweka juu ya riwaya ya 1775 ni kumwambia msomaji kwamba walioasi walishindwa kabla hajafungua kitabu.

Mhariri akaniandikia: "Mwalimu, bila kengele msomaji atajuaje ni misheni?"

Hapo akanigusa, kwa kuwa mimi ni mtoto wa Kisauni. Nimekulia jirani na Kengeleni, pale ulipo mnara wa kengele wa Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza mwaka 1875. Kwetu kengele iligeuka jina la kituo cha matatu. Najua vizuri jinsi misheni inavyojitambulisha kwa kengele, na jinsi kengele inavyogawa siku ya watu ambao zamani siku yao iligawanywa na jua na bahari. Kwa hiyo tumeafikiana. Kengele ibaki, lakini ining'inie kwenye boriti kati ya miti miwili, bila ukuta wowote nyuma yake. Mnazi uondoke.

Aprili

Mwezi wa mabishano kuhusu Serra.

Timu ya mauzo inataka jina lake liwe nyuma ya kitabu, tena likitanguliwa na neno Mtakatifu. Hoja yao haina makosa ya kihistoria: Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 23 Septemba 2015, Washington. Wanafikiria pia shule za parokia, ambazo hununua vitabu vya maktaba kwa wingi. Mhariri mwenyewe ni Mkatoliki wa ibada, na aliniambia bila kuficha kwamba anaogopa wasomaji wa jumuiya yake watakiona kitabu hiki kama tusi.

Upande huu wa dunia nina majirani wa mawazo tofauti. Juni 2020 sanamu za Serra ziliangushwa San Francisco na Los Angeles, na wengi wa wazawa wa nchi hii ninaozungumza nao hawataki hata kulisikia jina lake. Mwandishi anayeandika kwa Kiswahili akiwa mtaa wa City Heights hapa San Diego, kwenye jengo ambalo juu wanaishi Wasomali Wabantu na chini Wakongo, hawezi kujifanya kwamba mzozo huu haumhusu. Lakini pia siwezi kuandika riwaya kwa ajili ya kushinda mzozo.

Nimemwandikia mhariri yale niliyoyatumia kumjenga Serra kama mhusika, na hapa nayaweka kwa kifupi. Usiku wa moto hakuwepo San Diego. Alikuwa Carmel, na habari zilimfikia Desemba. Alimwandikia Makamu wa Mfalme kule Mexico, Bucareli, akiomba wauaji wa padri wasinyongwe, waachwe hai ili roho zao ziokolewe. Serra huyo huyo mwaka 1780 alimwandikia gavana Felipe de Neve akitetea viboko, kwa hoja kwamba mababa wa kiroho huwachapa wana wao. Mtu mmoja, kalamu moja. Riwaya inamwingiza mara chache, kila mara kwa macho ya msichana wa maji, naye hajui kwamba mzee huyu anayechechemea kwa kidonda cha mguu atawekwa altareni siku moja. Hilo ndilo lililonifanya nikatae neno Mtakatifu jaladani: ni neno la 2015 katika kinywa cha 1776.

Tulichokubaliana ni jina lake kamili, "Padri Junípero Serra", basi. Mhariri alisema ataisoma tena sura ya Carlos kabla ya kusaini. Carlos ni mmoja wa waliobatizwa kisha akatajwa kuwa kiongozi wa maasi. Mwaka 1776 alirudi kwa siri na kujisalimisha ndani ya ghala la ngome lililokuwa likitumika kama kanisa la muda. Kamanda Rivera y Moncada akasema ghala ni ghala, akaingia na askari wake, akamtoa. Fuster akatangaza kwamba kamanda ametengwa na Kanisa. Waliokuwa wamechomewa nyumba ndio walioweka miili yao mbele ya mtu aliyedaiwa kuwachomea, na askari aliyetumwa kuwalinda ndiye aliyewavunjia mlango. Ningebuni kisa hicho, mhakiki angekiita cha kulazimisha.

Jibu lake lilifika baada ya Pasaka, mstari mmoja: "Sura hii isiguswe."

Mei

Prufu za kwanza, yaani kurasa za kusahihisha kabla ya kuchapa. Kurasa zangu zimevaa nguo za watu: herufi nzuri, pambizo pana. Nimezisoma kwa sauti jikoni, na jirani Mama wa Kikongo akaniuliza mlangoni, "Kaka mwandishi, unagombana na nani humo ndani?"

Kabla ya kuzirudisha, nilitimiza ahadi niliyoiweka tangu mwanzo: mzee mmoja wa Kikumeyaay, mtu wa mojawapo ya jamii zao zilizoko milimani mashariki ya mji, asikie riwaya inasema nini. Hasomi Kiswahili, kwa hiyo nilimsimulia sura kwa sura kwa Kiingereza, siku nzima, tukiwa kivulini. Alicheka nilipofika kwa mtoto aliyenyakuliwa. Alinisahihisha jinsi ya kuondoa uchungu katika unga wa mbegu za mwaloni: maji hupitishwa juu yake tena na tena, si kulowekwa tu. Kisha nikafika kwenye maombolezo. Watu wake walichoma maiti, mapadri walizika, na mgongano huo ni nguzo ya sura ya kumi. Nilikuwa nimeandika sherehe yote, nikiokoteza humu na humu katika maandishi ya wataalamu wa zamani wa mila.

Aliniomba niitoe. Hakusema ni uongo. Alisema si ya kusomwa na kila mtu.

Nimeitoa. Msimulizi wangu sasa anaona moshi kutoka ng'ambo ya mto na kuelezea walio upande wake tu, basi. Fundi wa mpangilio wa kurasa hakufurahi, kwa sababu kila kilichofuata kilisogea na namba za kurasa zote zikabadilika, na gharama hiyo imekatwa kwenye malipo yangu ya awali. Sura imekuwa fupi, na kwa maoni yangu imekuwa na nguvu zaidi. Ila hata ingekuwa dhaifu, ningeitoa.

Sura ya daftari imepita bila alama nyekundu hata moja, jambo lililonishangaza, kwa kuwa ndiyo niliyoitilia shaka. Moto wa 1775 uliteketeza pia madaftari ya ubatizo. Mapadri wakalazimika kuyaandika upya kwa kukumbuka: nani alibatizwa, wa kijiji gani, alipewa jina gani la Kihispania, msimamizi wake nani. Walioponyoka katika kumbukumbu zao waliponyoka pia katika karatasi. Leo rejista za misheni za California zimeingizwa katika hazina ya data ya maktaba ya Huntington, kule San Marino ya California, ubatizo zaidi ya 100,000, na mtafiti huweza kumfuata mtu tangu maji ya kichwani hadi kaburini. Nimeitumia sana, na ninaishukuru. Lakini kwa San Diego ya kabla ya moto unasoma kile ambacho watu wawili watatu wenye hofu na majonzi waliweza kukikumbuka. Msimulizi wangu nimemweka humo, miongoni mwa waliosahauliwa. Oktoba ya mwaka ule, majuma machache kabla ya moto, walibatizwa watu kama 60 kwa mkupuo. Nani atanibishia kwamba mmoja hakuachwa?

Juni

Dibaji inachelewa. Profesa aliyeombwa kuiandika amekubali lakini ana mitihani ya kusahihisha, na mimi niliyewahi kusahihisha mitihani siwezi kumharakisha.

Huku nyuma swali limeanza kuja kutoka nyumbani, na aliyelianza ni mama yangu mwenyewe kwa simu: "Mwanangu, Wahispania wa huko umewaona, wa kwetu hukuwaona?" Wengine wananiuliza kwa lugha ya kitaaluma zaidi, lakini swali ni hilo hilo. Kwa nini si Freretown? Kwa nini si Bagamoyo, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 na kuwakusanya watumwa waliokombolewa katika kijiji cha Kikristo?

Nimemjibu mama kwa Yusuf bin Hassan, maana kisa chake anakijua. Mwana wa mtawala wa Mombasa, baba yake akauawa kwa njama za Wareno, yeye akapelekwa Goa akiwa mtoto, akalelewa na mapadri wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kuitawala Mombasa. Agosti 1631 akaingia Fort Jesus, akamuua kapteni, akarudi kwenye Uislamu na kuwamaliza Wareno wa mji. Miaka ile Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, tangu 1580 hadi 1640. Kwa hiyo mfalme ambaye Yusuf alimwasi ndiye huyo huyo aliyekaa Madrid. Nilipokuwa shuleni tulifundishwa kisa hiki kama vita vya ngome. Niliposoma habari za Carlos na ndugu yake Francisco, waliobatizwa kisha wakaenda kuviamsha vijiji, nikaona nilichokuwa nimekikosa kwa Yusuf: miaka ile ya katikati, mtu anapoitwa kwa jina la pili na kuitika.

Hiyo miaka ya katikati ndiyo kitabu changu. Nimeiandikia Nipaguay kwa sababu naishi juu ya ardhi yake na nalipa kodi ya nyumba hapa. Mama amesema haya, basi niandike na ya Yusuf kabla hajafa. Nimemwambia nikimaliza hiki.

Julai

ISBN imetoka. Bei imejadiliwa na imepanda, karatasi imekuwa ghali, na mchapishaji amependekeza jalada laini pekee. Nimekubali bila ubishi. Dibaji imefika pia, fupi na ya busara, inamtaja Jayme kuliko mtu mwingine yeyote. Kumbe si mimi peke yangu.

Kilichobaki ni ramani. Rasimu ya kwanza ilikuja na mstari mnene wa mpaka wa Marekani na Mexico ukikata katikati ya nchi ya Wakumeyaay, ambao hadi leo wako pande zote mbili. Mpaka huo ulichorwa baada ya mkataba wa 1848, na mwaka 1775 mtu alitembea kutoka Nipaguay hadi kwa binamu zake wa kusini asikutane na chochote ila askari wachache wa mfalme. Nimeomba ufutwe. Mchoraji ameuliza msomaji wa Tabora atajuaje hapa ni wapi duniani. Swali la haki. Tumeamua kwamba ramani kubwa ibaki na pwani, mto, ngome, kijiji cha Kosay, Nipaguay na njia za vijijini, na kwenye kona kuwe na ramani ndogo ya bara zima yenye nukta moja.

Rasimu mpya imeahidiwa Jumatatu. Ikija bila mstari, faili linaenda kiwandani wiki hiyo hiyo, mradi vitabu vya darasa la sita viwe vimeshatoka kwenye mashine.